Kocha Hakuja Matangani

Mwanangu Barasa, papa wangu mpenzi,

Nakusalimu salamu nyingi. Kwanza ni zangu mimi mamako niliyeketi hapa mezani jikoni na kalamu ya Nanjala, halafu ni za kila mtu wa nyumba hii, maana nikimwacha mmoja nitaambiwa nimempunguza. Babako anakusalimu. Goti lake bado linamwambia habari za theluji kabla redio haijasema, bado anaendesha lile basi dogo la wazee kule Oakdale, na bado anakataa kuvaa glavu. Dadako Nanjala anakusalimu. Ameolewa, amejifungua, na amekuwa mkali kunishinda mimi. Mtoto wake anakusalimu, ingawa salamu zake ni mate na kelele. Tulimpa jina lako, kwa hiyo siku hizi nikiita Barasa humu ndani kuna mtu wa kugeuka. Kukhu, nyanya yako kule Bungoma, anakusalimu kila Jumapili kwa simu, anapaza sauti kana kwamba inakuja kwa miguu mpaka Minnesota. Anasema kaburi lako limepaliliwa na ile miwa ya pembeni imekua. Mama Rael wa mlango wa pili anakusalimu, yule uliyekuwa ukimpandishia gunia la mchele kwa bega moja naye anakufuata nyuma kwenye ngazi akiomba Mungu. Hata yule jirani wa chini wa kugonga dari kwa fimbo aliniuliza juzi mbona siku hizi juu kumenyamaza. Nafikiri hizo pia zilikuwa salamu.

Wewe sijui nikuulizeje hali. Barua za kwetu husema natumaini hujambo. Hapo naruka.

Nimeshavaa tayari. Nimevaa ile gauni ya kitenge cha zambarau uliyosema inanifanya nionekane kama mke wa askofu. Nanjala atatupitia kutuchukua, na mikono yangu haitulii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nisome polepole. Shule yangu unaijua iliishia wapi.

Chuo chako kimekukumbuka, papa. Wana ukuta pale karibu na uwanja wa ndani, wanauita Ukumbi wa Heshima. Kila mwaka majani yakianza kuanguka huchagua wanamichezo wa zamani na makocha wa zamani, wakatundika picha zao na bamba la shaba lenye jina, na watu wakala na kupigiana makofi. Mwaka huu wamekuchagua wewe. Tufe ulilorusha mwaka wako wa mwisho, hakuna mtoto wa chuo kile aliyelipita mpaka leo. Nanjala alitusomea barua yao, akalia, akasoma tena. Babako alisema, "Nilijua," akaenda bafuni akafungulia maji ya bomba kwa muda mrefu bila kunawa chochote.

Mimi nilifurahi mpaka niliposikia jina la pili. Kocha wako naye amestaafu, naye anaheshimiwa siku hiyo hiyo. Na wenye sherehe wamepanga, kwa kuona ni jambo zuri, kwamba yeye ndiye atakayenikabidhi bamba lako mbele za watu. Aniwekee mkononi, tupigwe picha, labda anikumbatie.

Barasa, huyo mtu hakuja matangani.

Si kwamba nimesahau mema yake. Nakumbuka ulivyofika pale chuoni, wakasikia Kenya, wakakupeleka moja kwa moja kwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Ukazunguka ziwa nao. Ulirudi mwisho, umeshika viatu mkononi, wenzako wameshaoga. Ukaniambia kwa simu, "Mama, leo nimeaibisha Bonde la Ufa lote, na mimi hata si wa huko." Ni huyu mzee aliyekuona ukiinua lile pipa la maji ya wachezaji kwa mkono mmoja ili mtu afagie chini yake. Akakuita, akakupa tufe. Tangu siku hiyo nyumba yangu haikupumzika. Ulikuwa ukizunguka sebuleni na mto wa kochi shingoni, jirani anagonga, babako anakwambia nenda ukazungukie jangwani. Ulinizungushia kamba sakafuni ikawa duara ukanifundisha. Kuingia ingia, lakini kutoka ni kwa nyuma, mama, ukitokea mbele hata kama umerusha mpaka Wisconsin hawahesabu. Nguo zako zilikuja na ile chaki mnayojipaka shingoni ili tufe lisiteleze. Mimi ninayefua mashuka ya wazee kutwa nzima, chaki ya shingo ya fulana yako ndiyo iliyonishinda.

Na huyo mzee ulimwita kuka. Babu. Alikuuliza maana yake, ulipomwambia akafurahi, ukasema alienda nalo kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Ndiyo maana nilimsubiri. Ungekuwa umemwita kocha tu, nisingemsubiri.

Ile wiki tulipokupoteza nyumba ilijaa mpaka ngazini. Walikuja watu wetu wanaoishi Plymouth, wakaja watu wa kanisani na watu wa msikitini, wakaja tusiowajua kabisa. Yule ambaye babako hasemi naye tangu ule ugomvi wa viti vya kanisa alikuja, akajifunga aproni, akaosha sufuria zote bila kuambiwa. Mlango hatukuufunga. Joto la hita lote lilikuwa linakwenda nje. Na mimi nimeketi pale chini kwenye godoro, kila kivuli kikipita mlangoni nasema sasa ni yeye. Mpaka tukasafirisha mwili wako kwenda nyumbani. Hakuja.

Unajua kwetu. Matangani mtu haitwi. Hata adui huja, tena adui ndiye huwahi, asije akasemwa. Asiyekuja ana neno moyoni. Nimelala na hilo neno lake bila kulijua. Nikawa nasema, labda alipenda mkono tu, siku mkono ulipokwisha mtoto wangu naye akaisha.

Babako hataki nilitaje. "Mama Barasa, mzungu hajui mambo yetu. Achana naye." Nikamwambia mambo yetu hajui, lakini kifo anakijua, kwani kwao watu hawafi? Nanjala ndiye mbaya zaidi. Jana alinishika mabega akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni kupokea na kutabasamu, basi. "Hii ni siku ya Barasa, Mom. Si yako na Kocha." Kisha akageukia Kiswahili ili nisikie vizuri. "Ukileta vituko mbele ya wale watu, mimi natoka nje."

Lakini papa, mkono wa mtu ambaye hajakulilia nitaupokeaje? Aliyekosa mazishi, akija, haanzi na nyumba wala salamu. Hupita moja kwa moja kaburini, akalia, ndipo watu wamshike mkono. Wewe kaburi lako liko Bungoma. Huyu atapita wapi? Nikimpa mkono leo nimekuuza, nisipompa nimekuaibisha kwenye siku yako.

Nanjala anapiga honi. Karatasi naiacha hapa chini ya kopo la chumvi.

*

Leo ni Jumatatu, ni mchana, nimetoka kazini. Nakuendelezea.

Tulifika. Kwanza nilikuona wewe. Picha yako ni kubwa kuliko mlango. Tufe liko shingoni, shavu limefura, chaki imekujaa mpaka sikioni. Nilitoa leso nikataka kukupangusa, Nanjala akanishika. Watu wamesimama na visahani vidogo, wanacheka kwa upole, kila mmoja ana jina lake kifuani. Mama mmoja mwenye makaratasi ndiye aliyekuwa akituelekeza, huku kwa kukaa, kule kwa kupanda jukwaani.

Halafu nikamwona. Amezeeka, papa. Ile shingo ya fahali haipo tena. Anatembea na fimbo. Alituona akaja upesi upesi, kama mtu anayeogopa atabadilisha nia njiani, akaegemeza fimbo kwenye meza, akanyoosha mikono yote miwili.

Mikono yangu ilibaki kwenye mkoba.

Sikupanga hivyo. Nilikuwa nimejiambia kwenye gari nitatoa ncha za vidole tu, yaishe. Ilikataa yenyewe. Mikono yake ikabaki hewani. Mama wa makaratasi akatabasamu kwa meno peke yake. Babako akakohoa. Nanjala akanifinya kiwiko mpaka leo kuna alama.

Nikamwambia Nanjala kwa Kiswahili, muulize alikuwa wapi. "Siulizi hapa, Mom." Nikasema basi nitamuuliza mwenyewe. Kiingereza changu ni cha nguo chafu na nguo safi, lakini kilitosha. Nilimuuliza mtoto wangu alipokufa yeye alikuwa wapi.

Alishusha mikono. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Alianza kusema polepole akinitazama mimi, na Nanjala akalazimika kunitafsiria, na kadiri alivyotafsiri ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua.

Alikuja, Barasa. Alipopata habari aliuliza chuoni tunapoishi, akaendesha gari mpaka Burnsville. Akakuta paking imejaa. Akaona wanaume wanabeba viti, akina mama wanapandisha sufuria, watoto wanakimbizana kwenye theluji, na juu kuna nyimbo. Alikaa ndani ya gari injini ikiwaka. Akajiuliza, hili ni jambo la familia na kanisa lao, mimi sijaitwa, sijaambiwa siku wala saa, naingiaje mlangoni mwa watu wenye msiba bila mwaliko? Akarudi kwake. Kesho yake akaja tena, akakaa tena garini. Alikuwa akingoja aambiwe siku ya mazishi. Halafu akasikia umeshasafirishwa.

Akasema, "Nilisubiri mniite."

Babako akamjibu, "Na sisi tulikusubiri uje."

Wakabaki wanatazamana wazee wawili, kila mmoja na kusubiri kwake.

Mimi sikuamini upesi. Mtu anaweza kusema lolote akiwa amevaa tai. Nikamwambia Nanjala, muulize aliona nini kingine. Akafikiri. Akasema alimwona mwanamke mnene mwenye leso ya njano akiteleza kwenye barafu na sufuria kubwa, akaketi chini kwa makalio, na sufuria isimwagike hata kidogo, na watu wote wakacheka huku wanalia, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Akasema hapo ndipo alipotaka kushuka. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Ni Mama Rael na yale maharagwe. Jambo hilo halikuandikwa mahali popote. Ni sisi tuliokuwepo tunaolijua.

Moyo ulilegea, papa. Lakini mkono bado. Aliyechelewa ni aliyechelewa, awe alichelewa garini au alichelewa Ulaya, lazima apite kwako kwanza. Na mama wa makaratasi ameshaanza kuangalia saa, anasema dakika chache tunaanza. Ndipo nikauliza, lile duara la kurushia liko wapi?

Nanjala alinitazama kama nimeomba ndege. "Mom, watu wanasubiri."

"Wamepewa saladi. Wale saladi."

Tukatoka kwa mlango wa nyuma, mimi, babako, Nanjala akiwa na viatu virefu vinavyozama kwenye nyasi, na yule mzee na fimbo yake. Mama wa makaratasi alitufuata mpaka mlangoni, akasimama hapo akiyashikilia kifuani. Upepo ulikuwa mkali na majani yalikuwa yameanguka kila mahali. Nilidhani mahali penyewe ni pakubwa. Ni kijiduara cha saruji, papa, na ubao mweupe mbele. Mwili wako wote ule ulikuwa ukienea hapo.

Nikamwambia Nanjala amweleze. Aliyekosa mazishi hupita kaburini kwanza, ndipo asalimiwe. Kaburi liko mbali, nasi hatuna jingine, nimefikiri mahali ulipoacha pumzi nyingi kuliko pengine popote katika nchi hii ni hapa. Nanjala mwenyewe alikuwa hajui mambo hayo. Nilimwona anaeleza huku anajifunza.

Mzee hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kwenye wavu wa uzio wa pembeni, akaangika fimbo yake, akachukua ufagio uliokuwa umening'inia hapo. Akaanza kufagia. Majani, mchanga, vijiti, akaanzia katikati akienda nje, akizunguka. Nikakumbuka ulivyoniambia kwamba kabla hujarusha lazima afagie, hata pakiwa safi. "Mama, kuka anafagia kama kukhu akingoja wageni." Babako alitaka kumsaidia maana alikuwa anayumba. Nikamshika koti. Mwache.

Alipomaliza akasimama pembeni ya duara ameshika ufagio, akavua kofia. Hakulia kwa sauti kama watu wetu. Mabega ndiyo yalilia. Akataja jina lako, Barasa, akalitaja vizuri kabisa, sio kama wale wa ofisini.

Nikaingia ndani ya duara nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Nikamwambia, "Pole, kuka."

Akaniambia, "Pole, Mama Barasa." Hilo ulimfundisha wewe, sikumfundisha mimi.

Sasa sikia. Nilitaka kutoka kwa mbele, maana ndiko njia ilikokuwa karibu, na saladi ilikuwa imeshaliwa bila shaka. Nikainua mguu niuvuke ule ubao. Mzee akanishika kiwiko, machozi bado yanamtoka, akanirudisha. Akanionyesha nyuma. Mama wa marehemu au si mama wa marehemu, sheria ni sheria. Tukatoka kwa nyuma sote wawili, na babako akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimesahau kwamba anacho.

Jukwaani nililipokea bamba kwa mikono miwili. Ni zito. Nanjala alikuwa ameniandikia maneno ya shukrani kwenye karatasi kwa Kiingereza, mistari michache, nimeyakariri wiki nzima mbele ya mashine za kufulia. Nilipofika kwenye maikrofoni yote yalitoka kichwani yakaenda zake. Nikaona ukumbi mzima unaningoja. Nikasema kwa Kiswahili, "Jumamosi ijayo nyumbani kwangu kuna matanga ya Barasa, ya wale waliochelewa. Mtu haitwi. Mlango utakuwa wazi kuanzia mchana."

Nikamgeukia Nanjala. Alinitazama kwa yale macho yake. Nikadhani sasa ndiyo anatoka nje. Akavuta maikrofoni, akatafsiri neno kwa neno, akataja na mtaa, kisha akaongeza la kwake, "Na mvue viatu." Watu wakacheka. Tulipokuwa tunashuka mama wa makaratasi akaja kuniuliza wanaokuja wathibitishe kwa nani.

Sasa nimeingiwa na hofu. Nimewaita watu ambao nimesema hawaitwi. Wakija wote wale wa ukumbini, nitawaweka wapi? Na asipokuja hata mmoja, nikakaa hapa na sufuria zangu na mlango wazi, joto linatoka, na Kocha akaketi tena kwenye gari lake? Babako anasema nipikie watu wa idadi ya kati. Wa kati ni wangapi? Yeye hajui.

*

Jumapili, tumetoka kanisani.

Walikuja, papa.

Lakini kwanza hawakuja. Mchana ulifika, chakula kiko tayari, Mama Rael amevaa leso yake, ile ile ya njano, anapepea nzi wasiokuwepo. Mlango uko wazi. Hakuna mtu. Nikaenda dirishani nikarudi. Nanjala ananiambia nitulie, na yeye mwenyewe anapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa. Halafu babako, aliyekuwa amesimama kule kwenye ngazi kana kwamba anakagua taa, akasema kwa sauti ya chini, "Gari lake liko chini. Liko hapo kitambo."

Nikataka kushuka kumwita. Babako akanizuia kwa mkono. "Ukimwita, tumerudi pale pale."

Tukangoja. Sijawahi kungoja namna ile, hata nilipokuwa na uchungu wako. Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia fimbo kwenye ngazi, moja, anapumzika, nyingine. Alifika juu amebeba chombo cha foili chenye tambi baridi. Akasimama nje ya kizingiti, mlango uko wazi mbele yake, anatazama kile kizingiti kama ule ubao wa duara. Akavua kiatu kimoja, akayumba, akavua cha pili. Akaingia.

Mama Rael ndiye aliyelia kwa sauti, yetu, ya kwetu kabisa, jirani wa chini akagonga dari. Baadaye naye alipanda juu akapewa chapati.

Baada ya Kocha wakaja wengine. Wenzako wa timu, siku hizi wana vitambi na watoto. Mama wa makaratasi alikuja bila makaratasi, amevaa soksi zenye picha za paka. Kocha alikula ugali kwa mkono na mrenda ukamning'inia kidevuni kama ndevu za pili, watu wakamcheka, akajicheka. Mtoto wa Nanjala alimviringishia lile tufe lako ninalozuilia mlango, likamfikia mguuni. Akamwonyesha pa kuliweka, hapa shingoni. Mtoto akalilamba.

Kisha mmoja wa wenzako akasimama akasema yeye anajua neno moja tu la Kiswahili. Nikafikiri atasema "jambo". Akasema, "Nimefika." Na wale wengine wote wakaitikia pamoja, hao watu wazima na vitambi vyao, "Nimefika." Wakanieleza. Ati kwenye basi la timu, kila mkienda kushindana, basi likisimama tu unatoa simu unaniandikia, nao wakakuuliza unamwandikia nani kila mara. Mwisho ikawa basi likisimama wanapiga kelele wote, nimefika, nimefika, hata dereva.

Unajua amri yangu ya nyumba hii. Tangu majira ya baridi ya kwanza tuliyoyakuta huku, anayetoka nje kwenye barafu atume neno akifika aendako. Sikujua nilikuwa nasumbua basi zima.

Asubuhi ile, papa, nilishika simu nikingoja neno lako. Barafu ile nyeusi ya barabarani, isiyoonekana mpaka gari liteleze. Nilisema amechelewa kidogo. Nilisema betri. Bado nilikuwa nangoja polisi walipogonga mlango.

Jioni theluji ya kwanza ilianza, ile nyembamba. Wakaanza kuondoka. Nilisimama mlangoni nikamwambia kila mmoja, ukifika tuma neno, nao wakaicheka amri yangu, wakaitii. Simu ikawa inalia moja baada ya nyingine, Nanjala ananisomea, huyu wa Plymouth, huyu wa kule mbali. Kocha ndiye aliyekawia. Anaendesha polepole, macho yake si mazuri. Nilisimama dirishani na simu ya Nanjala mkononi, theluji inazidi, babako anasema kaa chini mama, sikukaa. Likaja. Nimefika. Aliandika bila kuongeza kitu. Ndipo nikafunga mlango.

Kwa hiyo yule mzee usimwekee neno moyoni. Mimi limeshanitoka. Desemba tunakwenda nyumbani, na nitayasema haya yote tena kaburini kwako kwa mdomo, kukhu wako asikie, miwa isikie. Na huyu Barasa mdogo, siku atakapoweza kuliinua lile tufe badala ya kulilamba, nitamzungushia duara la kamba sakafuni mimi mwenyewe, na nitamfundisha kutoka kwa nyuma. Hiyo nakuahidi, hata jirani agonge mpaka fimbo ivunjike.

Kwaheri, mwanangu. Lala vizuri. Vaa kofia.

Wote wameshatuma, umebaki wewe. Usikawie, papa. Sitaki barua ndefu. Nitumie lile neno moja.

Ni mimi mamako.